Mikono ya Kinyozi Wangu

Jumatatu, 3 Juni

Maonyesho ya sanamu ndogo ni Jumamosi, ukumbi wa maktaba. Kinyozi wangu, kimo chake kidole kimoja, karibu akamilike. Tumbo, mashavu, aproni, vyote safi. Imebaki mikono tu. Mteja wake nimemfunika shuka hadi shingoni, makusudi. Huyo hadai mikono. Akili hiyo.

Shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno, naye anashindana. Kaleta fundi viatu wake tumwone. Mpaka kucha zinaonekana. Mke wangu kazitazama kucha hizo kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

Nimechanganya puti, nikafinyanga mkono wa kushoto. Mke wangu kauliza kama kinyozi ni bahili. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ana mkono wa birika.

Jumanne, 4 Juni

Vidole vyataka waya ndani. Nimechomoa nyaya za chujio la chai. Kinyozi sasa kashika kitana kwa uma. Nikabana kidole kimoja ili kinyooke, usingizi ukanipitia. Puti hii ikikauka ni jiwe. Nimeamka gumba langu na kidole cha shahada vimegandana.

Ndipo akaingia mama mkwe. Nilimwamkia kwa heshima zote. Akautazama mkono wangu, akauliza namwonyesha ishara gani. Mke wangu kanibandua kwa kisu cha mkate. Nikamwambia kosa ni la vifaa. Akanijibu mchagua jembe si mkulima.

Si kweli. Siri ya shemeji ni vile vijichuma vyake vya kliniki.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda kliniki na jino la uongo. Yaani jino la kweli, maumivu ya uongo. Kumwomba shemeji vifaa? Afadhali nife. Kaligonga, kasema ni zima kabisa. Nikaapa halinilazi. Akaligonga tena, nikatoa yowe la kusadikisha. Labda nilizidisha. Akasema basi tuling'oe. Ningerudi nyuma kwa uso gani?

Alipogeuka kunawa, nikachopoa kijichuma kimoja kwenye sinia. Nimekuja kukitazama nyumbani. Kioo. Kile kijioo cha kuchungulia magego.

Alhamisi, 6 Juni

Shavu limefura kama puto. Lakini mkono wangu wa kulia, nikiutazama ndani ya kijioo, unakuwa mdogo, saizi ya kinyozi hasa. Nimeunakili. Umetoka! Vidole vitano, kucha, hata mikunjo ya kiganja. Mke wangu kautazama mara mbili, na kwake hiyo ni sifa. Nikaubandika. Puti ikakauka.

Ndipo nikaona gumba liko upande usio wake. Kioo kilinigeuzia. Kinyozi ana mikono miwili, yote ya kushoto.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemtundikia kinyozi taulo la karatasi juu ya mkono mpya. Jaji, mwalimu mstaafu wa sanaa, akaliinua kwa ncha ya kalamu. Akauliza mbona yote ya kushoto. Nikasema kinyozi ni mashoto. Akasema hata mashoto ana wa kulia. Kacheka mpaka kavua miwani. Shemeji kachukua zawadi ya kwanza.

Baadaye shemeji akanivuta pembeni. Akasema taratibu, "Kioo ungeniomba tu, shemeji. Na jino ungebaki nalo."

Hakukasirika. Hilo ndilo lililouma. Akaniambia nije kwake kesho mchana anifundishe mikono, vifaa vinatosha watu wawili. Nikaitikia. Macho yaliniwasha kidogo. Vumbi la ukumbini, bila shaka.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda. Nimemtuma mke wangu aseme nina homa. Kaondoka akitikisa kichwa.

Mwaka ujao nafinyanga samaki. Samaki hana mikono. Ana magamba tu, na muuza samaki wa hapa mtaani ana kifaa chake cha kuparia magamba, kizuri ajabu. Kumwomba ni kujishusha. Kesho nitaingia kwake nikikohoa, nimwambie nimekwamwa na mwiba kooni.