Picha za Ukungu Ndani ya Fungate

Jumapili, 30 Novemba
Nimeoa! Nimemwoa Jannat! Naandika jina lake tena nisije nikadhani naota: Jannat. Leo siku ya kwanza ya fungate. Siku saba hatutoki nje, tunakula na kutazamana tu. Raha iliyoje!

Shangazi yake, Bi Mashavu, ndiye somo wake, aliyemfunda mambo ya ndoa. Amekuja naye hapa mjini Grand Prairie kutoka kwao Pearland, na amelikalia kochi la mlangoni kama askari. Kasema bwana harusi akikanyaga nje kabla ya siku saba, hurudi na mtu nyuma yake. Tena Jannat atarejeshwa Pearland siku hiyohiyo na fungate ianze upya.

Sawa. Nitoke niende wapi?

Jioni Jannat akaona kwenye simu picha aliyopiga Swafwani, ninayefanya naye kazi ghalani. Bwawa, ukungu, majani yenye barafu. Akasema huyu mtu ana jicho. Jicho! Mimi ninayo mawili na yote yanamtazama yeye. Nitampigia picha nzuri kuliko hiyo. Lazima.

Jumatatu, 1 Desemba
Alfajiri nimetokea dirisha la bafuni. Tunakaa ghorofa ya chini, goti tu ndilo limeumia. Bwawa liko nyuma ya nyumba. Majani meupe kama yamemwagiwa nazi iliyokunwa. Ukungu umeimeza miti hadi kiunoni. Hakuna ndege. Hakuna gari. Nilikohoa, na ng'ambo ya bwawa kitu kikakohoa.

Picha kumi na mbili. Kumi zina kidole changu.

Kitandani Jannat akauliza mbona miguu yangu baridi. Nikamwambia ni mapenzi, damu yote imekwenda moyoni. Akanitazama muda mrefu. Ananipenda mno!

Jumanne, 2 Desemba
Sitaki kuandika haya. Alfajiri nimetoka tena. Kwenye picha ya tatu kuna mtu mweupe kati ya miti. Hana uso. Kwenye ya nne amesogea. Nikatoa salamu. Juu ya barafu nikaona nyayo zangu, na kando yazo nyayo nyingine, ndogo. Nikatimua mbio, nikazunguka majengo mawili ndipo nikalipata dirisha langu.

Ajabu, leo miguu ya Jannat ilikuwa baridi kuliko yangu. Hata damu zetu zinapatana!

Nimemtumia Swafwani ile picha, aone. Akajibu: “Bwana harusi, hilo si shuka limeanikwa? Na wewe wafanya nini nje? Jini atakuposa huyo!” Wivu tu.

Jumatano, 3 Desemba
Kilinifuata. Kilisimama hatua tano kutoka kwangu, cheupe kuanzia kichwani, kinatetemeka. Nikaanza Ayatul Kursiy, ikanipotea katikati, nikamalizia kwa dua ya kula. Kikauliza: yuko wapi huyo mwanamke?

Jannat! Kajifunika shuka, analia. Alidhani nimemficha mke mwingine bwawani. Nikamwapia ni picha tu, ni kwa ajili yake. Akazitazama zote, kidole kimoja baada ya kingine, akasema hakuna mwanamke wa kutongozwa kwa picha hizi. Ameniamini! Tukacheka, tukakumbatiana, barafu ikituingia kwenye ndala.

Tuliporudi, dirisha limefungwa. Bi Mashavu alikuwa mlangoni na sanduku la Jannat. Saa nne walikuwa njiani kwenda Pearland. Mto bado unanukia udi. Nimeulalia, nimelia.

Jumapili, 7 Desemba
Pearland. Siku ya kwanza, kwa mara ya pili. Jana nimemwapia Bi Mashavu kwamba nimekoma. Na nimekoma kweli! Jannat amelala mkononi mwangu, mzuri hadi naogopa kupumua. Sitomwacha tena hata kwa dakika moja.

Kunakucha. Ukungu umejaa uani. Karibu na uzio kuna mtu mweupe amesimama. Nimemgusa Jannat: yupo. Bi Mashavu anakoroma sebuleni: yupo. Huyo wa nje ananiita kwa mkono, polepole.

Lakini mwanga ulio nyuma yake, loh!

Natoka dakika mbili tu. Nitamwomba asogee kushoto kidogo.