Kuonja Ni Kula

Ilitangazwa, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti viwili, kwamba umaskini umepungua kwa nusu. Haukupungua polepole kama unavyopungua kwa wenzetu wasio na mipango. Ulipungua Jumanne moja, kati ya chai na chakula cha mchana, katika ukumbi wa Idara ya Msaada kwa Kaya Duni, na aliyeupunguza alikuwa ameketi meza kuu akijifuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi.

Huyo ndiye Mkurugenzi wa Idara. Jina lake limeandikwa mlangoni, lakini hakuna anayelitumia. Mji mzima unamwita Bwana Kifungu, kwa sababu hawezi hata kukuambia kuna mvua bila kutaja kifungu kinachoiruhusu kunyesha. Alikuwa mtu mwema. Hili lisemwe mapema, maana huko mbele wapo watakaotaka kumcheka.

Alichofanya kilikuwa rahisi, kama mambo yote makubwa. Kila mwezi Idara hutoa sanduku la unga, maharage, mafuta na sabuni, sanduku moja kwa kila kaya. Na kaya ni nini? Kanuni inasema: kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Wakurugenzi waliotangulia walikisoma kifungu hicho wakakipita tu. Yeye alikisoma akaweka kalamu chini. Alikumbuka kwamba maskini mara nyingi hana mkaa. Asiye na mkaa hupika kwa jirani, na anayepika kwa jirani anakula chungu cha jirani. Basi nyumba mbili ni kaya moja, nyumba sita ni kaya moja, na mtaa mzima, ukiwa na dhiki ya kutosha, ni kaya moja yenye sanduku moja. Bila kumgusa maskini hata mmoja, kaya maskini zikapungua kwa nusu. Waziri alimpa mkono, akarudi akampa tena.

Ubishi haukukosekana. Mtu mmoja aliuliza kama sufuria ni chungu. Ukatoka waraka: chungu ni pamoja na sufuria, kikaango, na birika endapo limepikiwa uji. Wengine wakaanza ujanja. Wakiulizwa kama wanakula kwa jirani, wanajibu, "Aa, mimi naonja tu." Hapo Bwana Kifungu alijifungia ofisini, akatoka na sentensi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kuandika: KUONJA NI KULA. Ikabandikwa kwenye kila dirisha la Idara. Nakala moja aliitia kwenye fremu, akaitundika pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi.

Mwisho akaleta Mfumo. Mfumo uliishi ndani ya kishikwambi. Unampiga picha kila anayekula chunguni, unamtambua kwa sura, unamwandika kwenye kaya hiyo na kumtoa kwenye kaya ya zamani, kisha unamteua mwenye kipato kikubwa kuwa mkuu wa kaya.

"Na ukishaandika," alisema Bwana Kifungu siku ya uzinduzi, "hakuna mkono wa mtu unaoweza kufuta. Hata huu wangu." Akaunyanyua mkono, ukapigwa picha na magazeti.

Kilichobaki kilikuwa uhakiki. Ikachaguliwa nyumba ya vyumba vinane vinavyotazamana uani, kila chumba na familia yake. Bwana Kifungu alifuatana na Karani wa Mfumo, mama wa makamo aitwaye Hewala, kwa kuwa katika utumishi wake wote hakuna aliyemsikia akijibu neno jingine.

Uani kulikuwa na kamba za nguo zinazodondosha maji, na katikati, juu ya jiko la mkaa, sufuria kubwa nyeusi ya maharage. Aliyekuwa akikoroga alikuwa Bibi Dobi, mfua nguo wa mtaa, mwenye vidole vilivyokunjamana kwa sabuni na wajukuu wanne wa kulea peke yake.

"Shikamoo, bibi. Tumekuja kuhakiki."

"Marahaba, mwanangu. Hakikini, lakini hakikini mmekaa." Akamsogezea kigoda.

"Vyumba vyote vinane mnakula chungu hiki?"

"Tufanyeje? Mimi nina sufuria, fundi viatu ana mkaa, mama wa chumba cha mwisho ana kitunguu. Tukitengana, mimi nitatafuna sufuria."

"Basi nyinyi ni kaya moja."

"Mimi na fundi viatu?" Bibi Dobi aliacha kukoroga. "Yule hatusalimiani tangu alipopigilia msumari kwenye sandali yangu!"

"Mwambie na mimi sina udugu naye!" ilisikika sauti ya fundi kutoka chumba cha tatu. "Nakula maharage tu!"

"Kifungu hakigusi kusalimiana," alisema Bwana Kifungu kwa upole. "Kinagusa chungu."

Bibi Dobi akaweka mwiko juu ya mfuniko. "Mwanangu, tusitaniane. Zamani yalikuja masanduku manane, na bado tulikuwa tunasukuma siku. Likija moja kwa ua mzima, wajukuu zangu watakula nini? Yule mdogo ameshajifunza kukaa karibu na mtu anayemaliza kula, ili apewe sahani arambe. Tuandike nane. Nakuomba."

Bwana Kifungu alisikitika. Alisikitika kwa dhati, kwa muda unaokubalika, kisha akamwambia Hewala aandike moja.

"Hewala," alisema Hewala.

Sasa ijulikane kwamba Bwana Kifungu hakuwa amekula tangu jana yake. Mkewe, kwa ajili ya kitambi, alikuwa amemwekea utaratibu wa matango. Na maharage yale yalikuwa yameiva, kitunguu kimejichanganya vizuri, mvuke unamjia usoni kama umetumwa.

Bibi Dobi hakuwa na kinyongo na mtu aliyeketi uani kwake. Akachota kidogo kwa mwiko. "Haya. Hebu niambie, chumvi imekolea? Ulimi wangu siku hizi unanidanganya."

Bwana Kifungu akakinga kiganja. Akaramba. "Bado kidogo," alisema. Bibi akaongeza chumvi, akamdondoshea tena. "Sasa naona imekaribia," alisema, na kiganja kikabaki pale pale kimekingwa. Akaramba mara ya tatu, kwa ajili ya uhakika.

Kishikwambi kikalia: ting!

"Nini hiyo?" aliuliza Bwana Kifungu, maharage yakiwa bado kwenye masharubu.

Sauti nyororo ya kike ikajibu kutoka ndani ya kishikwambi: "Mwanakaya mpya amesajiliwa. Hongera, mkuu wa kaya."

"Mimi? Nimeonja tu!"

Vichwa vikatokeza milangoni. Hata fundi viatu alitoa kichwa. Hewala aliinua macho taratibu hadi kwenye bango la KUONJA NI KULA alilolibandika kwenye ukuta wa ua asubuhi ile, akayashusha tena.

"Futa!" alisema Bwana Kifungu.

"Hewala." Akabonyeza.

"Ombi limekataliwa," ilisema sauti nyororo. "Kaya hii ina mkuu mwenye mshahara. Haistahili msaada. Mkuu wa kaya atawalisha watu wake."

Bibi Dobi alikaa chini pale pale kwenye maji ya nguo. Kutoka masanduku manane hadi moja alikuwa ameanza kuzoea. Kutoka moja hadi bila, hilo lilimkata maini. Lakini sentensi ya mwisho aliisikia vizuri sana.

Kesho yake mchana ua mzima ulifika Idarani na sahani mkononi. Bibi Dobi alitangulia, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Bibi, jamani! Mimi ndiye wa kukuamkia wewe!"

"Haiwezekani. Wewe ndiye mkuu wa kaya."

"Shikamoo, baba," alisema fundi viatu, mwenye mvi kichwa kizima. "Leo tunakula nini?"

Yule mjukuu mdogo akamvuta suruali. "Baba, kuna nyama?"

Aliwalisha kantini siku ile. Akawalisha na siku iliyofuata, na fundi viatu akalalamika kwamba wali ni mkavu. Nyumbani hakukuwa na nafuu. Mkewe alikuwa amepokea ujumbe: kwa kuwa baba wa nyumba amehamia chungu kingine, nyumba yake sasa haina kipato, na sanduku lake liko njiani.

"Mke wangu, nipe basi hata tango."

"Ukila hapa, sanduku linakwenda," alisema mkewe, amesimama mlangoni. "Miaka yote hii sijawahi kuona faida ya Idara yako. Hili niachie."

Aliandika rufaa. Rufaa zote huamuliwa na Mkurugenzi, kwa hiyo aliipokea mwenyewe, akaigonga muhuri, akaikataa, kwa sababu Mkurugenzi haruhusiwi kusikiliza shauri la jamaa zake.

Ilibaki njia moja. Gari la Idara lilionekana likiingia mtaani na sufuria nane mpya zimefungwa juu, zikigongana kama bendi, na magunia ya mkaa nyuma. Kila chumba kilipewa sufuria na gunia lake. Yalipowaka majiko manane, Hewala alizunguka na kishikwambi: ting, ting, ting, mpaka chumba cha mwisho. Kaya nane, masanduku manane. Bibi Dobi alipiga vigelegele, na kwa bahati mbaya akamkumbatia fundi viatu. Kwenye ripoti ya Waziri umaskini ulipanda ghafla, na lawama ikapewa hali ya hewa.

Bwana Kifungu alipogeuka kurudi garini, Bibi Dobi alimfuata na ile sufuria kubwa nyeusi, ameisugua ikang'aa.

"Hiki ndicho chungu ulichoandikiwa, mwanangu. Sisi tumehama. Umebaki wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kanuni inataka mtu ale chungu chake, na Mkurugenzi hawezi kuwa wa kwanza kuivunja. Kila mchana sasa utamkuta katikati ya ua, kwenye jiko la tisa, tai ameitupa begani, akipepea mkaa kwa nakala ya waraka wake.

"Pepea kwa chini, mwanangu, siyo juu," Bibi Dobi humwelekeza.

Siku moja maharage yake yaliungua yote, na moshi ukamtoa machozi. Majiko manane yalikuwa yakitokota kumzunguka. Akasogea kwa Bibi Dobi, akakinga kiganja.

"Bibi, nionjeshe. Kidogo tu."

Bibi alichota. Akamtazama Hewala, aliyeegemea ukuta na kishikwambi chake. Akawatazama wajukuu wanne, na yule mdogo, aliyekuwa na sahani yake mwenyewe, imejaa. Akarudisha mwiko ndani.

"Ningekupa, mwanangu, Mungu anajua," alisema, akafunika sufuria. "Lakini kuonja ni kula."