Mito na Milima ya Darasa la Nne

Jumatatu, 5 Machi 1956

Habari kubwa! Mkaguzi wa shule, Bwana Sadalla, anakuja Ijumaa kutukagua. Mwalimu Mkuu wetu anastaafu na kiti chake kinatafuta mtu. Ni mimi au Mwalimu Klara wa chumba cha pili. Atakayeshindwa, wanasema, atahamishiwa shule ya shamba, huko nyuma ya Kisarawe. Maskini Klara! Sijui atalizoea vipi giza la huko.

Jumanne, 6 Machi

Nimepata hila. Hila? Akili! Hakuna mtoto awezaye kukumbuka majibu yote ya Jiografia, lakini kila mtoto anaweza kukumbuka moja. Basi nimewagawia. Kitwana ni Mto Rufiji. Mboni ni Mlima Kilimanjaro. Mwingine mkonge, mwingine reli ya kati. Swali likija, mwenye jibu lake analitoa. Wengine wote wanyooshe mikono, kwa mapambo. Nimejipongeza mwenyewe, maana hapa hakuna mwingine wa kunipongeza.

Klara kachungulia dirishani, akauliza mbona namwita mtoto Rufiji. Nikamwambia ni mbinu mpya. Akasema yeye huwapeleka wake bonde la Jangwani wakaone maji yanapita wapi. Jangwani! Kwenye tope! Nimecheka hadi chaki ikaniponyoka.

Jumatano, 7 Machi

Mazoezi. Moto! Watoto wamezoea, hata uwanjani wanaitana kwa majibu. Nimemsikia mmoja akishtaki kwamba Kilimanjaro kamwibia muhogo.

Bwana Sadalla kapita ghafla, kusalimia tu. Akanishauri niwaulize watoto "kwa nini", si "nini" peke yake. Nikamjibu ndiyo bwana, ahsante bwana. Atanifundisha nini huyu? Mimi niliongoza chuoni! Kwa mwandiko.

Alhamisi, 8 Machi

Nimenunua tai kwa Narendra, duka la karibu na soko. Akaniambia, "Mwalimu Anselmi, sasa umeshakuwa mkubwa." Mzee yule ana macho. Jioni mvua imeanza. Baraka!

Ijumaa, 9 Machi

Baraka gani! Mvua haikukatika usiku kucha. Jangwani kumejaa maji, njia ya Magomeni haipitiki. Na nusu ya darasa langu wanakaa Magomeni!

Bwana Sadalla akaketi nyuma. Akauliza mto mkubwa kuliko yote Tanganyika. Mikono yote ikanyooka, kama nilivyowafunza. Akamchagua Mboni. Mboni akasimama kwa adabu.

"Shikamoo, bwana. Rufiji hakuja. Yuko Magomeni."

Bwana Sadalla akauliza tangu lini Rufiji ukapita Magomeni. Mboni akasema haupiti, anakaa huko kwa bibi yake.

Akauliza zao la Tanga. Darasa zima likaitikia kwamba Mkonge ana homa. Kati ya majibu yaliyotakiwa, Kilimanjaro tu ndiye aliyekuwepo, Mboni yule yule, naye akaulizwa kwa nini kileleni kuna theluji. Akanitazama mimi. Mimi nikaitazama tai yangu.

Kwa Klara nako watoto walikuwa wachache. Wakaulizwa kwa nini Jangwani hujaa. Kila mmoja akawa na la kusema, wakabishana mpaka sauti zikafika kwangu. Nidhamu hakuna kabisa!

Jumanne, 13 Machi

Klara kapewa kiti. Imeniuma, sifichi. Nimevua tai nikaikunja mfukoni.

Kisha Bwana Sadalla akaniita. Nahamishiwa shule ya shamba. Kasema huko atakuja mwenyewe kila wiki, aketi darasani kwangu, tuzungumze baada ya somo, mpaka ufundishaji wangu ukae sawa. Kila wiki! Klara hatembelewi hata mara moja kwa mwezi. Sasa ni nani anayethaminiwa? Mtu hafungi safari mpaka nyuma ya Kisarawe kwa ajili ya mwalimu wa hivi hivi. Anataka kuiba mbinu, nimemjua. Nimevaa tai tena.

Klara kaja kuniaga. Kasema watoto wa shamba wanaijua mvua na udongo kuliko sisi, niwaulize tu. Niwaulize wao! Mwalimu ni nani?

Mimi nimemwuliza Bwana Sadalla jambo moja tu: kati ya kijiji na shule, kuna bonde? Akafurahi kwamba nimeanza kuuliza maswali. Akasema hakuna, ni tambarare tupu.

Vizuri sana. Huko Rufiji wangu mpya atafika kila siku.