Damu ya Bi Mdogo

Jumanne, 12 Machi
Mjomba ameamua. Ng'ombe wetu, Bi Mdogo, amepandikizwa mbegu mara tatu. Mara mbili hakushika mimba, na ya tatu mjomba haiamini. Mchinjaji anakuja keshokutwa. Bi Mdogo, aliyenisikiliza nikikariri masomo miaka minne, akicheua kwa adabu!

Nimesoma: siku ya ishirini na moja tangu kupandikizwa, homoni ya mimba huwa juu katika damu ya aliyeshika. Tatizo, leo ni siku ya kumi. Binamu, mkamuaji wetu, anasema damu ya nini, yeye hutazama macho tu. Eti macho ya Bi Mdogo bado ni ya mwali. Hajui kitu.

Jumatano, 13 Machi
Daktari wa mifugo alikuja kutibu ndama. Nikampa kikaratasi cha kuomba ampime Bi Mdogo damu, maana kusema na watu hunitoa jasho. Akauliza kama mimi ni bubu. Nikasema hapana. Akauliza mbegu ina siku ngapi. Nikainua vidole, vikaisha. Nikaandika 21. Akachukua damu mkiani.

Alhamisi, 14 Machi
Homoni iko juu! Daktari kasema ni mimba. Mchinjaji karudishwa mlangoni. Mjomba alinisifu mbele ya majirani, nikajificha kwenye stoo ya pumba. Binamu alisema haya, tutaona. Kijicho hicho.

Jumamosi, 23 Machi
Bi Mdogo amelia tangu alfajiri na kuwapanda wenzake. Binamu akamwita mjomba: njoo umwone mjamzito wako. Daktari alipima damu tena. Homoni chini kabisa. Akanitazama. Niliandika ukweli kwa herufi ndogo sana.

Akaeleza kwa upole, na upole ndio ulioniumiza: siku za kwanza homoni hiyo huwa chini, na katikati ya mzunguko hupanda kwa ng'ombe yeyote, awe na mimba asiwe nayo. Kama hakushika, huporomoka kabla joto la kutaka dume halijarudi. Ndiyo maana watu husubiri.

Mjomba hakufoka. Alisema tu, mwanangu, njia ya mwongo ni fupi. Bi Mdogo kapandikizwa tena leo leo. Lakini mchinjaji atapita Alhamisi, na akitaja bei nzuri, mjomba hatangoja.

Jumatatu, 25 Machi
Kosa langu nimeliona. Niliandika, wakati mtu mkweli husema. Daktari yule hataniamini tena, ila yuko mwingine ng'ambo ya reli. Nitamwita keshokutwa, kabla mchinjaji hajapita; itakuwa siku ya nne. Nafanya mazoezi mbele ya kioo kutamka "ishirini na moja" bila kutazama chini. Mpaka sasa nafika vizuri kwenye "ishirini."