Balbu Tatu za Kumlilia Benta

Jumatatu, 6 Machi 1967

Kwako Benta,

Mwezi wa saba tangu tukuzike. Nilituma tena kwenu Migori kuomba ile picha yako ya Asumbi, uliyopigwa ukiwa na sare ya shule. Mimi sina hata moja. Jibu la kaka yako Cephas limeletwa na utingo wa basi: mwanamume aliyesimama kaburini kwa mkewe bila kupiga ukemi hapewi picha ya mtu. Kwamba nilikuwa nafunga kamba ya kiatu. Hilo ni kweli. Kulia kwa sauti sijui, na wewe ulijua sijui.

Ila nina mpango. Gazeti la zamani la misheni linasema wazungu hufunga nyaya kichwani mwa mtu, mawimbi ya ubongo yakajichora kwenye karatasi. Karatasi nani ataisoma kwenu? Mimi nitatumia rangi.

Jumatano, 8 Machi

Mashine tayari. Ukanda wa kofia, pamba iliyoloweshwa maji ya chumvi, nyaya, matumbo ya redio ya Mwalimu Onsongo (aliniletea niitengeneze, atakuja kuiulizia), balbu tatu za tochi. Buluu huzuni, nyekundu hasira, njano furaha.

Nimeijaribu kwa Truphena, jirani yetu muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamtukania omena wake: nyekundu. Akatafuna karanga: nyekundu tena. Nikamwomba asitafune. Akasema basi ubongo wake uko mdomoni.

Kwangu mimi buluu haikuwaka. Njano iliwaka mara mbili. Truphena anasema huwaka nikitabasamu, kwamba ni mashavu yanayovuta ukanda. Truphena hajasoma gazeti.

Jumamosi, 11 Machi

Kwenu. Cephas akaniuliza mlangoni, shemeji, umekuja kuomba picha au kulipua nyumba.

Nilikuwa nimepanga yote isipokuwa moja. Mama yako, kwa mila, hawezi kukaa akimtazama mkwe wake usoni, sembuse mkwe aliyefungwa pamba kichwani. Akakaa nyuma ya pazia. Mashine ya kuonyesha, na wa kuonyeshwa haoni! Kazi ya kutangaza rangi akapewa Cephas.

Nikafumba macho. Nilikusudia kuwaza jeneza. Ukaja wewe, unachambua mchele, unamgombeza mtangazaji wa redio apunguze mbio.

Cephas akatangaza njano. Akangoja kidogo, akatangaza tena: njano, Mama, mkweo anafurahi.

Nikajua picha imekwenda.

Mama akauliza kutoka kule nyuma nilikuwa nikiwaza nini. Nikamweleza. Mchele, mtangazaji, na jinsi ulivyomuaga kwa heshima kabla ya kuzima redio, ingawa ulikuwa umetoka kumwita kichwa cha samaki mbuta. Pazia likatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia, kisha sikujua tena ni kipi. Akasema ndivyo ulivyokuwa hata na kuku, unawatukana halafu unawaombea.

Akamwambia Cephas alete picha. Cephas akasema lakini Mama, taa imesema. Mama akasema yeye hakuona taa yoyote.

Jumatatu, 13 Machi

Homa Bay. Picha iko mezani. Umekunja uso, nadhani kwa jua. Soksi moja imeshuka. Nilikuwa sijui kwamba soksi zilikushinda tangu zamani.

Mashine imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Bila balbu, Mama asingeniuliza kitu. Kosa lilikuwa la rangi tu, kwa hiyo asubuhi nimeikwangua ile ya njano na kuipaka buluu. Sasa nikikukumbuka itawaka huzuni, hata Cephas hatakuwa na la kusema. Nimeongeza na kipande cha waya, ili safari nyingine balbu zifike nyuma ya pazia.

Truphena ameuliza kwa nini nisimweleze tu Mama yaliyo moyoni kama nilivyofanya Jumamosi. Nimemwonea huruma. Kuna mjane kule Rangwe anayesemwa hakumlilia mumewe. Nimemtumia salamu kwamba ninakuja na mashine.

Huko uliko, Benta, unikumbuke.