Mwendo Uliokosa Mwenyewe

Kwa niaba ya Mamlaka ya Staha ya Barabara za Milimani, nina furaha kuutangazia umma, hususan wadau wetu wa Lushoto, Soni na Mlalo, kwamba Wiki ya Mwendo wa Staha imefana kuliko ilivyotarajiwa. Mkakati ulitutaka tupate mtuhumiwa mmoja wa mwendo kasi, apelekwe mahakamani, awe fundisho. Lengo hilo tumelivuka.

Mimi ni Jofrey, Afisa Uhusiano wa Mamlaka. Ninayasema haya kwa sababu kuna maneno mengi yanazungushwa kwenye simu na watu wasio na kazi za kufanya, na mengi wameyakoroga. Mpaka watoto wa shule wananicheka. Basi nisikilizeni mimi niliyekuwepo.

Siku ya uzinduzi, wananchi walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki pale uwanjani Lushoto, wanamsubiri Mkurugenzi wetu, Bwana Benedikto. Mkurugenzi alikuwa Mombo, chini kabisa ya mlima, akishughulikia mbavu za mbuzi. Alipokumbushwa uzinduzi alinawa mikono, akamwambia dereva wake ahamie kiti cha nyuma, kwa kuwa dereva yule ana tabia ya kuogopa kona, akashika usukani wa shangingi mwenyewe. Mimi nilikaa mbele. Mkono mmoja nimeshika hotuba, wa pili nimeshika kila kilichoshikika. Hotuba ilihusu madhara ya mwendo kasi.

Tulifika. Niliposhuka, magoti yangu yalikuwa bado yako njiani.

Sasa, kabla ya kuingia Soni, Mamlaka ilikuwa imemweka mpimaji wetu, Lightness, binti makini sana, akiwa na tochi mpya ya kupimia mwendo. Hatujakaa sawasawa jukwaani, simu ya bosi ikaita.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Vipi, umempata mtu?"

"Nimelipiga gari tochi, bosi. Linasoma mia na kumi na nane, na hapa mwisho ni hamsini."

"Safi sana! Gari gani?"

"La kwako, bosi."

Hapa ndipo watu wasiosoma miongozo wanapopotea. Gari la Mamlaka haliendi kasi. Gari la Mamlaka linawahi majukumu. Lakini mwendo ulikwishapimwa, mtambo umeushika na haufuti. Na mwendo ukishapimwa ni mali ya umma, huwezi kuuacha unazagaa barabarani hauna mwenyewe. Bosi alilitambua hilo papo hapo, ndiyo maana yeye ni bosi.

"Nyuma yangu kulikuwa na gari gani?"

"Kenta ya mzee Zahoro, bosi, imebeba saruji. Bado haijafika hapa. Naisikia tu inavyounguruma huko chini."

"Basi hiyo hiyo."

Kenta ya mzee Zahoro inajulikana mlima mzima. Inapandisha saruji, inashusha kabichi, na juu ya kioo cha mbele imeandikwa TUTAFIKA. Siku ile ilifika hotuba imeisha, wimbo umeimbwa, na vijana wanakusanya viti. Nikaifuata. Nilimwamkia mzee kwanza, maana Mamlaka ina maadili, kisha nikamjulisha kuwa ni mhalifu.

"Kosa gani tena, mwanangu?"

"Mwendo kasi, mzee. Mia na kumi na nane."

Akanitazama. Akaigeukia Kenta yake, iliyokuwa inafuka moshi kwenye rejeta kama sufuria ya makande.

"Hii?"

"Hiyo."

"Wakati napanda?"

"Wakati unapanda, mzee."

Nilidhani atalia. Badala yake alikaa juu ya mfuko wa saruji, akasema taratibu, "Mia na kumi na nane! Loo!" Uso wote ukachanua.

Kesi ilikuwa ya jinai, si mchezo. Akikutwa na hatia, leseni inakwenda na mwenyewe anakwenda jela. Lakini mzee yule, ambaye madereva wenzake walimwita Konokono tangu ujana wake, sasa akipita sokoni watu wanampisha. Wafanyabiashara waliokuwa wanamnyima mapeasi, eti yataiva na kuoza kabla hajafika Mombo, wakaanza kumgombania. "Mzee, nibebee na mimi, nasikia siku hizi unakanyaga!" Na yeye, badala ya kukana, anarekebisha kola ya shati.

Mkewe, Bi Mwanahawa, alikuja ofisini kwangu anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Mwanangu, mume wangu anakwenda jela kwa sifa. Namwambia akatae, ananijibu, mama watoto, niache na mimi niheshimike kidogo. Sisi hatuna shamba, hatuna ng'ombe. Tuna ile leseni tu. Wakiichukua tunakula nini?"

Nilimhakikishia kwamba Mamlaka ina sikio sikivu, nikampa kipeperushi chenye picha ya Mkurugenzi.

Siku ya kesi mahakama ilifurika. Madereva walijaa mpaka dirishani. Lightness hakuwepo, kwani Mamlaka ilikuwa imempa likizo ambayo hakuiomba, akapumzike kwao Bungu. Shahidi wetu alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Aliapa, akaieleza mahakama kwa kirefu uzuri wa tochi yetu, kwamba haidanganyi, haichoki wala haipokei kitu kidogo. Kwamba siku ile ilisoma gari moja tu, mara moja tu, mia na kumi na nane. Mpaka hapo mambo yalikuwa mswano.

Hakimu alikuwa Mheshimiwa Jenoveva, mama mmoja ambaye sijawahi kuona meno yake. Akamgeukia mzee.

"Mshtakiwa, umesikia. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli tupu, Mheshimiwa!"

Madereva wakashangilia. Bi Mwanahawa akasimama kama aliyechomwa na sindano.

"Mwongo huyo, Mheshimiwa! Mume wangu, lakini mwongo! Mimi napanda lile gari. Likianza mlima nashuka, nachuma mnavu wa kutosha mboga ya jioni, nalikuta bado halijamaliza kona! Eti mia! Mia ya nini?"

Kisha akahamia Kishambaa, akasema mengi kwa mkono kiunoni, na nusu ya mahakama ikawa imejishika mbavu. Karani aliandika: mke wa mshtakiwa anaendelea.

"Usiniaibishe mbele ya watu," mzee akamwambia mkewe kwa sauti ya chini. Halafu akamgeukia hakimu, kifua mbele. "Mheshimiwa, wanawake hawajui magari. Mimi siku ile nilikanyaga. Nilikanyaga mpaka saruji ikasema basi. Tangu Mombo mpaka hapa Lushoto, hakuna gari lililonipita. Hata moja!"

Hapo nikasikia kiti cha Mkurugenzi kinalia. Nikamvuta koti. Akautoa mkono wangu.

"Mwongo!" akasema, amesimama. "Mheshimiwa, huyu mzee asitufanye watoto. Mimi nilimpita! Nilimkuta kabla ya Soni, akaniwashia indiketa ya kushoto kunionyesha mbele kweupe, kama madereva wa mlima wanavyopishana, nikampita. Nilimwacha kama amesimama!"

Mahakama nzima ikageuza shingo kumtazama. Hata mtoto mmoja aliyekuwa analia mlangoni aligeuka, sijui na yeye alielewa nini.

Mheshimiwa Jenoveva aliweka kalamu chini.

"Bwana Mkurugenzi. Ulimpita?"

"Nilimpita."

"Yeye akiwa mia na kumi na nane?"

Nikaona jasho linamtoka Mkurugenzi, nami nikajaribu kumsaidia kwa kukohoa, mbinu ambayo katika mikutano na waandishi haijawahi kuniangusha.

"Nataka tuelewane," hakimu akaendelea, bila hasira yoyote. "Tochi yako haidanganyi, umeapa. Ilisoma gari moja. Kama huyu mzee hukumpita, mwendo ni wake, amekiri mwenyewe, nitamfunga. Kama ulimpita ukamwacha kama amesimama, basi mwendo ni wako. Binadamu husahau. Inawezekana hukumpita. Nakupa nafasi ufikiri."

Bi Mwanahawa alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Mumewe alikuwa amesimama wima kizimbani kama bwana harusi, hana habari kwamba jela iko kwenye ulimi wa mtu mwingine.

Mkurugenzi alifikiri. Mimi namjua, alikuwa amefika penye jibu la kumwokoa. Alilegeza tai, akashusha mabega, akaanza vizuri kabisa: "Mheshimiwa, baada ya kutafakari kwa kina, inawezekana kumbukumbu zangu..."

Dereva mmoja dirishani akapasua kicheko. "Oyaa! Bosi kaachwa na Konokono!"

"Na saruji juu!" mwingine akadakia.

"Shangingi lote lile!"

Kicheko kikazagaa mpaka nje, mpaka kwa wauza mahindi ya kuchoma. Mzee Zahoro naye akamgeukia Mkurugenzi, akampa pole kwa kichwa, kwa upole wa mtu aliyeshinda. Nadhani ni ile pole iliyomchoma.

"Nilimpita!" Mkurugenzi akapiga ngumi mezani. "Mheshimiwa, mimi, mtu mzima, nipitwe na gari la saruji? Mimi? Nilimpita hapo kabla ya Soni, mchana kweupe, na kama barabara ingekuwa nzuri ningempita mara mbili! Andika!"

Hakimu akaandika.

Mzee Zahoro akaachiwa huru. Alipoelewa maana yake, alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, sawa, lakini usiniondolee yote. Niachie hata tisini."

"Tisini ya nini!" Bi Mwanahawa alikuwa tayari amemkamata shati kwa nyuma, analia na kucheka kwa pamoja, anamkokota kuelekea mlangoni. "Twende nyumbani, wewe mwanamume! Twende!"

Kizimba kilipobaki wazi, askari alimwonyesha Mkurugenzi njia kwa heshima zote. Mkurugenzi akapanda, akaiweka tai sawa, akawatazama madereva mmoja mmoja, ameinua kidevu.

Ukweli ni kwamba alipendeza. Nami nikapiga makofi, peke yangu, kama ninavyofanya kila anapopanda mahali.

Hakimu akainua macho, akauliza yule anayepiga makofi ni nani, na siku hiyo ndani ya gari alikuwa amekaa wapi.