Kilima 112 na Amri ya Ijumaa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wiki ya mwisho ya kampeni, vita vya mezani vya chama chetu. Atakayekuwa juu ya Kilima 112 Ijumaa jioni ndiye mshindi. Mimi ni jeshi la kijani. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa jiografia, ni jeshi la kijivu. Kilima anacho yeye. Kwa sasa!

Nikishindwa, msimu ujao jeshi la kijani atapewa Mpima Macho, mwenzetu chamani, na mimi nitarudishwa ugavi. Ugavi nimekaa misimu minne. Kazi yenyewe ni kusukuma nyumbu wa mbao wenye mizigo ya chakula kutoka ghalani hadi mtoni, zamu baada ya zamu, wenzako wakipigana. Chamani wananiita Bwana Nyumbu. Hata kazini masjala wamelipata jina hilo, sijui nani kawapelekea. Kwa nyumbu sirudi. Naapa.

Tunachezea katika kliniki ya Daktari wa Meno, chumba cha kusubiria, akishafunga kazi saa kumi na moja. Ramani inafunika meza mbili. Ukutani kuna picha kubwa ya ufizi uliovimba. Daktari ndiye mwamuzi, na ukali wake ni uleule wa kazini.

Leo nimesoma sura ya kumi na moja ya kitabu cha kanuni: Mapambano ya Angani. Kurasa kumi na nne. Nimezisoma mara tatu, na kila mara zimesema jambo jingine. Nililolishika ni hili: vita vyenyewe ni vya zamani, ndege hazina redio, kwa hiyo amri zao huandikwa mapema, hutiwa ndani ya bahasha na kukabidhiwa mwamuzi. Bahasha ikishafungwa, hakuna kubadili.

Mpango! Amri ya Ijumaa nimeiandika leo hii. Ndege zote sita za mabomu zikishambulie Kilima 112, zikisindikizwa na ndege nne za kivita, kimo cha ngazi ya nne. Shemeji atakuwa juu kajikalia, hana habari. Bahasha nimeilamba mara mbili kwa usalama.

Nimemwambia mke wangu tu. Nikamwomba amdodose kaka yake ana ndege ngapi. Akasema yeye ni muuguzi, si jasusi, na kama nina swali, simu ya kaka yake ninayo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimetuma ndege nne za kivita kusafisha anga la kilima. Shemeji katuma mbili. Nne kwa mbili! Nikasugua viganja chini ya meza.

Daktari akafungua bahasha zetu za leo, akapitisha kidole kwenye jedwali, akatangaza kwamba hakuna kilichotokea. Zangu zilikuwa ngazi ya nne, zake ngazi ya pili, katikati kulikuwa na wingu. Zilipishana bila kuonana. Nikauliza, basi anga ni la nani? Akasema linagombewa, kwa hiyo ni la wote na si la yeyote. Nikatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa. Shemeji naye akatikisa. Nahisi yeye alielewa kweli.

Wingu lilitoka wapi? Nani aliliweka? Sikuuliza. Ukiuliza sana, watu wanajua.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Asubuhi nimejaribu kuzielewa ngazi kwa kutumia mafaili. Faili la kwanza rafu ya chini, la nne rafu ya juu, gazeti katikati ndilo wingu. Mkuu wa masjala akaja kutafuta faili la pensheni la mzee mmoja. Nikamjibu liko juu ya mawingu. Hakucheka. Nikalishusha.

Lakini jioni! Siamini ninayoyaandika. Kilima 112 ni changu!

Shemeji aliwaondoa askari wake wengi juu akawapeleka kulinda daraja. Kwa nini, sijui. Nikapandisha askari wangu wa miguu kwa kujaribu tu, nikarusha dadu, nikapata sita. Kijivu wakatimka. Bendera ya kijani ikasimama juu. Mpima Macho akanipa mkono kwa uso wa mtu aliyemeza dawa chungu. Shemeji akanipongeza, akasema nimeona pengo ambalo yeye hakuliona. Sikuona pengo lolote. Nikasema asante, ndivyo ilivyokuwa.

Nikasimama nikitazama ile bendera hadi Daktari akazima taa za ndani.

Nyumbani nikaeleza yote wakati wa chakula, vijiko vikiwa ndiyo askari. Mke wangu alisikiliza vizuri. Kisha akauliza ile amri ya Ijumaa ilikuwa inapiga wapi. Nikasema Kilima 112. Akauliza na sasa juu ya Kilima 112 yupo nani.

Nikaweka kijiko chini.

Mke wangu akasema jambo ni jepesi. Kesho nishuke kilimani, nimwache kaka yake apande, Ijumaa mabomu yamkute yeye, kisha nipande tena. Nishuke! Misimu minne natamani kukanyaga hapo, nikae siku moja halafu nishuke kwa miguu yangu mwenyewe! Nikamwambia wauguzi hawajui vita. Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Usingizi sikupata, lakini mpango nimepata. Bahasha ziko kliniki. Kliniki inafunguliwa saa mbili. Mgonjwa anaruhusiwa kuingia. Nani anaweza kumzuia mgonjwa?

Nikaomba ruhusa kazini. Daktari akauliza jino gani. Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikagusa moja la nyuma, kushoto, la kubahatisha. Akachungulia kwa kioo muda mrefu. Akasema meno yangu yote ni mazima kabisa, ila hilo nililoligusa limeoza hadi mzizi na halifai kukaa hata siku moja. Akashangaa nimevumiliaje. Hata mimi nilishangaa. Halikuwahi kuniuma!

Akanichoma ganzi, akatoka kwenda kunawa. Nikaruka kutoka kitini. Droo ya kwanza: pamba. Ya pili: koleo. Ya tatu: pamba tena. Akarudi, akanikuta nimesimama na furushi la pamba mkononi. Akasema nirudi kukaa, pamba atanipa yeye.

Akaniinamia. Hapo ndipo nilipoziona. Mfuko wa koti lake jeupe, kifuani, bahasha zote za wiki zikiwa zimechomeka humo, yangu ya mbele, mwandiko wangu. Zilikuwa karibu na pua yangu kiasi kwamba ningeweza kuzinusa. Nikanyoosha mkono. Akanishika, akanituliza, akasema wengi huogopa hatua hii. Jino likatoka. Bahasha zikabaki.

Jioni nikacheza zamu yangu na shavu limevimba. Nikaona kama bahasha haitoki, basi angalau kilima kiwe imara. Nikawapandisha wote juu. Vikosi vyote saba, na mizinga. Kilima kikajaa mpaka vipande vingine vikalazimika kulaliana.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Shemeji alinivuta pembeni, chini ya picha ya ufizi, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kama kuna amri yoyote ya zamani ningependa kuiondoa, yeye hana neno. Amekwisha kuzungumza na Daktari. Niseme tu, bahasha irudishwe.

Moyo ulinilipuka kwa furaha. Mdomo nikaufungua kusema ndiyo. Kisha nikajiuliza. Kwa nini? Huyu ni adui. Adui anaomba niiondoe amri yangu. Mtu haombi kuondolewa jambo lisilomdhuru! Kwa hiyo amri hii inamdhuru. Vipi, sijui. Huenda iko ukurasa wa kumi na tatu wa sura ile, ule wenye jedwali la upepo. Lakini yeye anajua. Ndiyo maana anaogopa.

Nikamwambia, kwa mdomo uliovimba, kwamba amri yangu inabaki pale pale. Akauliza kama nina hakika. Nikasema sijawahi kuwa na hakika kiasi hiki. Hapo nilikuwa mkweli.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nitaandika kwa ufupi.

Njiani kwenda kliniki hakika yote iliyeyuka. Ukurasa wa kumi na tatu nimeusoma tena. Hauna kitu, una upepo tu. Nikabakiwa na tumaini moja: shemeji atume ndege zake zizidungue zangu kabla hazijafika. Naam, nilikaa pale nikimwombea adui ushindi.

Na alituma! Bahasha yake ilisema ndege mbili za kivita juu ya Kilima 112, ngazi ya nne, angani hakuna wingu. Nilikaribia kumkumbatia. Kisha Daktari akasoma yangu. Ndege nne za kusindikiza, ngazi ya nne.

Wiki nzima ndege zangu zilikuwa hazijaonana na mtu. Leo zikaonana. Dadu nilirusha mwenyewe, nikijaribu kuirusha vibaya. Dadu haikutaka kusikia. Ya kwanza, sita. Ya pili, sita. Ndege zote mbili za kijivu chini. Daktari akatangaza: anga la Kilima 112 ni la kijani. Mpima Macho akapiga makofi kwa mazoea, kisha akaacha katikati.

Ushindi wangu wa kwanza wa angani. Hakuna aliyebaki wa kuniokoa.

Mabomu. Sita, sita, tano, sita, sita, nne. Dadu hiyohiyo wiki iliyopita ilinipa moja mara tatu! Daktari akachukua kibano chake na kuanza kuwang'oa askari wangu kilimani, mmoja mmoja, akiwapanga kwenye sinia. Vikosi saba. Mizinga. Bendera aliiondoa ya mwisho.

Shemeji akauliza kwa upole kama anaruhusiwa kupanda. Daktari akasema anaruhusiwa. Jirani na kilima alikuwa na kikosi kimoja tu, cha wapishi. Wapishi wakapanda.

Niliumia. Sifanyi mzaha. Nilitaka kulia mbele ya watu wazima, na pengo la jino likaanza kupwita. Nikasema natoka kidogo kupata hewa, nikaenda moja kwa moja nyumbani.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Shemeji kaja kunijulia hali. Mke wangu akakiri mbele yetu kwamba yeye ndiye aliyempa kaka yake habari za ile amri, kwa kunihurumia. Shemeji akasema hakutaka kushinda kwa namna hiyo, alitaka tupigane kiume. Akasema Daktari naye alikubali, na Mpima Macho hakupinga. Wote walikuwa tayari bahasha irudi. Ilibaki mimi tu niseme ndiyo. Mke wangu akauliza kwa nini sikusema. Nikaeleza ile hoja ya adui kuogopa. Wakatazamana, ndugu wale wawili, kwa macho yaleyale.

Shemeji akaniambia uamuzi wa chama, naye hakuniangalia alipousema. Jeshi la kijani ni la Mpima Macho. Mimi ugavi. Msimu wa tano.

Nilikaa chumbani mpaka alipoondoka. Mke wangu akaniletea supu kwa ajili ya jino. Ilikuwa nzuri. Sikumwambia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimefikiri kwa utulivu. Mambo sasa yako wazi kabisa.

Kwanza: Daktari ameandika kwenye daftari la chama kwamba shambulio langu la Ijumaa ndilo lililoua askari wengi zaidi tangu chama kianze. Nimempigia simu kuthibitisha. Ni kweli! Kwa hiyo amri haikuwa na kasoro. Pili: watu wanne walijaribu kuizuia, mmoja wao nikiwa mimi. Yaliyobaki yote, kuanzia jino hadi vile vikosi saba, yalitokana na kuingilia jambo lililokwisha kupangwa vizuri. Kosa langu ni kwamba nilifunga mapema bahasha ya Ijumaa tu, nikaziacha siku nyingine wazi kwa kila mtu kutia mkono.

Kanuni inasema mkuu wa ugavi naye anaweza kuandika amri mapema. Ukurasa wa tisini. Hakuna mwingine chamani aliyeufikia.

Leo nimeandika msimu wote. Zamu arobaini, bahasha arobaini, zimefungwa, kesho asubuhi nazikabidhi. Amri ni moja: nyumbu wote, na chakula chote kilichoko ghalani, wapande Kilima 112. Kila siku. Bila kukosa. Hapo hata mimi siwezi kuiharibu. Mpima Macho simwambii, atafurahi atakapoona.

Mke wangu amepita, akatazama lile rundo, akauliza juu ya hicho kilima sasa hivi kuna nani. Nikamwambia hayo ni mambo ya askari wa miguu. Sisi wa ugavi tunapeleka chakula.